Mzizi Mchungu na Mafiga ya Mama Mkwe

Tulipohamia kijiji cha ujamaa Mbalibali, nyumba zikapangwa kwa mistari, mama mkwe wangu aliacha kulala. Akaacha na kula. Mganga wa zahanati alimpima, kisha akaniita pembeni. "Malaria hana. Bibi ana mawazo, na kwa hayo sina kidonge."

Mwenyewe alijua dawa yake: mzizi mchungu wenye ganda jekundu, unaochemshwa kwenye supu ya mifupa ya mbuzi. Kikurya kina jina lake; la Kiswahili sijalijua hadi leo. Ila alikuwa na sharti. Dawa ichemshwe kwenye mafiga yake, yaliyobaki mahameni kwetu, mwendo wa saa mbili kwa miguu.

Nilikuwa mwalimu wa watoto kanisani, na sharti lile lilinitia shaka, lisije likawa tambiko. Nikamwendea mchungaji.

"Mkichemsha, kuna maneno mnasema?"

"Tunaomba, Baba Mchungaji. Na yeye anamsema balozi wa nyumba kumi kidogo."

"Mnamwaga chini?"

"Supu, Baba? Nani aimwage?"

Akacheka. "Basi hiyo ni supu. Mpeleke."

Tukawa tunakwenda kila Ijumaa asubuhi. Paa lilikuwa limeng'olewa, lakini mafiga yalikuwepo. Mpishi huonja kwanza, kwa hiyo nami nilikunywa. Uchungu ulipanda hadi masikioni, halafu kifua kikalegea. Mama alimaliza bakuli, akajilaza kivulini mwa ukuta na kukoroma. Tukirudi kijijini, anakesha tena.

Udadisi ukanishika. Nilichemsha mzizi uleule kijijini, na mifupa, kwa muda uleule. Akaonja, akaweka bakuli chini.

"Umepika wapi?"

"Hapa, mama."

"Nimejua. Haya ni maji ya miti."

Hakulala. Mimi niliyekunywa sufuria ileile nililala fofofo. Nikajiuliza sana: dawa ni mzizi, ni mawe, au ni ule mwendo?

"Basi tuyabebe mafiga," nikamwambia.

"Mwanamke anabeba mafiga akiwa hana kwake tena. Unataka niseme sina kwangu?"

Nikamwachia Mungu. Alizidi kukonda, kanga ilimzunguka mara mbili.

Ijumaa moja baada ya mvua tulikuta ngiri amelala kwenye majivu, katikati ya mafiga, kama mwenye nyumba. Mama akainua fimbo.

"Wewe! Umeolewa na nani humu?"

Ngiri akatoka mbio, mkia juu. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Tangu tuhame sikuwa nimesikia kicheko chake. Alipotulia, alitazama majivu kwa muda mrefu.

"Kumbe pameshapata mwenyewe," akasema. Akavua mtandio, akaukunja kuwa ngata. "Nitwike moja. Wewe mawili, una shingo ya ng'ombe."

Tulipumzika mara nyingi njiani. Jioni mafiga yalikuwa jikoni mwetu kijijini, na supu ikachemka juu yake. Alikunywa yote. Asubuhi nilimkuta amelala bado, jua limeshapanda. Alipoamka aliulizia jembe lake.

Namshukuru Mungu aliyeumba mzizi, na sijui bado sehemu ya mzizi huo ilikuwa ipi. Wiki ile mizizi yetu iliisha, na mama hakuulizia mingine. Aliyerudi mahameni kuichimba ni mimi, kwa usingizi wangu.