Kilo za Mbwa Wetu

Nilipomaliza chuo na kurudi nyumbani Gungu kusubiri ajira, kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kumtafutia mbwa daktari. Haikuwa na mshahara. Mbwa wetu mweusi alikuwa amekataa dagaa siku mbili, na nilipomfunua mdomo nilikuta fizi zimekuwa nyeupe kama karatasi.

"Mwache," alisema mama. "Mbwa hatibiwi. Akifa tutaletewa mwingine."

"Nani kasema hatibiwi?"

"Haya, msomi. Nenda."

Nilikwenda. Kwenye duka la dawa za mifugo, muuzaji alinipa vidonge vya minyoo ya kuku kabla sijamaliza kueleza. Nilipomuuliza kuku anahusika vipi, akasema minyoo ni minyoo. Ofisi ya kata waliniambia bwana mifugo yuko kwenye ng'ombe. Kesho yake, bado yuko kwenye ng'ombe. Karibu kila ua mjini una mbwa, na hakuna anayejiuliza wakiugua wanapelekwa wapi. Hata mimi sikuwahi kujiuliza, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Miaka yote hatukumchanja, hatukununua dawa ya kupe, hatukuweka pembeni hata shilingi moja kwa ajili yake.

Siku ya tatu bwana mifugo alikuja, mzee mwenye buti za mpira. Nikamwamkia, akaitikia huku tayari anavuta dawa kwenye sindano. Homa ya kupe, alisema. Sindano moja tu.

"Hiyo ni ya kilo ngapi, mzee?"

"Ishirini na tano."

"Umempima saa ngapi?"

Akamwinua mbwa kwa mkono mmoja, akamshusha. "Mkono huu umebeba mbuzi tangu hujazaliwa."

"Huyu si mbuzi. Dawa ikizidi inakuwaje?"

"Inapanda kichwani. Anatetemeka, anakufa."

Nikamkumbuka mbwa wa jirani aliyekufa siku moja baada ya kuchomwa sindano. Sote tulisema homa ilimzidi.

"Basi tumpime."

"Kwa mizani gani?" mama akadakia. "Usithubutu kumpeleka kwenye mizani za dagaa kule sokoni Bangwe. Nani atanunua tena?"

Hapo alisema kweli. Mizani ya chakula ni ya chakula, na kwa wengi pale mate ya mbwa ni najisi. Lakini kwenye kijiwe cha bodaboda kuna jamaa mwenye mizani ndogo ya kukanyaga, anapima wapita njia kwa shilingi mia mbili. Nilimbeba mbwa mpaka huko, kichwa chake kikining'inia begani kwangu. Madereva walifurahi sana.

"Dada, mtoto kafanana na baba yake!"

Nilipanda naye: sabini na nne. Nikamlaza chini, nikapanda peke yangu: hamsini na nane.

"Mia nne," jamaa akasema.

"Nimepima mimi tu!"

"Mmepanda wawili."

Nikalipa. Kilo kumi na sita. Bwana mifugo aliposikia hakubisha. Aliinua sindano, akasukuma zaidi ya theluthi ya dawa ikamwagika mchangani, ndipo akamchoma. Niliutazama ule mchanga uliolowa. Kisha akafungua daftari, akaandika: mbuzi mmoja.

"Mzee!"

"Daftari lina ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku. Nimwandike ng'ombe?"

Kwa hiyo katika kata yetu hakuna mbwa aliyewahi kuugua. Halafu tunashangaa kwa nini hakuna anayeleta dawa zao.

Siku ya pili baada ya sindano, jioni, mbwa alikula dagaa, wachache, akiwachagua kama mgeni. Nikachukua kopo tupu la maziwa ya unga, nikatia sarafu za kwanza, nikalibandika karatasi: chanjo, kupe, minyoo, mizani. Mama aliisoma akacheka, akasema shule imeniharibu. Jumamosi nilipolitikisa, lilikuwa zito kuliko nilivyoliacha.

"Umeweka wewe?"

"Kanunue dawa ya kupe," alisema bila kugeuka, "kabla mbuzi wako hajaugua tena."