Eda ya Miezi Mitatu

Mtaani Yakasai, mjini Kano, Hansatu alijulikana kwa mambo mawili: vitabu vyake vya mapenzi, na kutomwamini mtu. Ukimsalimia kwa uchangamfu uliozidi kidogo, alikuuliza unataka nini. Ukimletea maziwa, aliyaonja kwa ncha ya ulimi huku akikutazama usoni. Majirani walisema hata mtoto mchanga angeulizwa na Hansatu ametumwa na nani.

Vitabu alikuwa navyo kumi na viwili. Alianza kuviandika baada ya talaka yake ya pili, kwa mkono, kwenye madaftari ya shule, miguu ameinyoosha mkekani. Vyote vilisimama juu ya jambo moja: tajiri anakufa, anaacha wasia wenye sharti la ajabu. Kijana hapati nyumba mpaka amuoe binti asiyemjua. Binti hagusi ng'ombe wa marehemu mpaka akae siku arobaini na mama mkwe anayemchukia. Wanawake walivisoma mpaka majalada yakachanika, wakaazimana kupitia watoto na vibarua wa maji, wakavificha chini ya magodoro waume wakiingia.

Malam Habu, imamu wa mtaa, hakuvipenda hata kidogo. Alisema msikitini, kipaza sauti kikiwa wazi, kwamba mrithi hausiwi, labda warithi wenzake waridhie, na kwamba kumfungia binti mirathi yake kwa sharti la ndoa ni batili. Hansatu aliyajua hayo tangu utotoni. Lakini angeandika mirathi kama inavyogawanywa kweli, kitabu kingekwisha ukurasa wa pili, na nani angekinunua?

Kitabu cha saba ndicho kilichomuumiza. Alikuwa anaumwa malaria siku zile, hakusoma kazi ya mpiga chapa, na kitabu kikatoka kikisema mjane hukaa eda miezi mitatu na siku kumi. Miezi mitatu. Malam Habu alilipata hilo akalitafuna Ijumaa mbili mfululizo: mwanamke anawapunguzia wenzake mwezi mzima wa eda. Hansatu alizunguka soko zima na kalamu ya wino wa buluu, akakata "mitatu" akaandika "minne" katika kila nakala aliyoikuta. Tangu hapo hakumwamini hata mpiga chapa.

Basi kaka yake mkubwa, Lawwali, muuza kofia, alipofariki, na siku ya tisa ukaonekana wasia wenye sharti la ndoa, machale yalimcheza Hansatu kabla hata hajauona.

Asabe, mjane wa Lawwali, ndiye aliyeukuta sandukuni chini ya kofia. Hakujua kusoma, akampa binti yake wa pekee, Zulai, amsomee. Baada ya sala ya alasiri wakamwita Hansatu. Karatasi iliandikwa Kihausa kwa herufi za Kiarabu, kama Lawwali alivyoandika siku zote. Ilisema Zulai apewe ukumbi wa mbele na chumba chake, kwa sharti aolewe na Tanimu muosha kofia.

Asabe alisema yeye hana neno, marehemu ndiye aliyesema. Zulai alikuwa analia, na alilia vizuri mno, kwa ncha ya mtandio, bila kamasi. Wasichana wa vitabu vya Hansatu hulia hivyo katika sura ya pili. Akamtazama kwa jicho la pembeni.

Jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Lawwali akishafariki, mwenye kumwoza Zulai alikuwa baba yake mdogo, Alhaji Sagir wa Katsina, na huko Katsina kulikuwa na muuza vitambaa, rafiki wa Alhaji, anayetafuta mke wa tatu. Alhaji alituma ujumbe. Angekuja Alhamisi. Aliyeujua zaidi mwandiko wa marehemu ni Hansatu, kwa kuwa Lawwali ndiye aliyemfundisha kuandika. Hansatu akithibitisha kwamba karatasi ni ya Lawwali, yeye Alhaji ataridhia, hawezi kushindana na maiti. La sivyo, binti anapanda gari naye siku hiyo hiyo.

Hansatu akaichukua karatasi kwake, akaisoma tena polepole, kidole kikifuata mstari. Mwandiko ulikuwa wa Lawwali, hata ule mkia wa herufi ya mwisho aliozoea kuukunja. Alikuwa karibu kuamini. Kisha akafika mwisho: ndoa ifungwe eda ya mama yake ikiisha, miezi mitatu na siku kumi.

Aliirudia mara nne. Lawwali alikuwa amehifadhi Kurani yote kabla hajaota ndevu. Lawwali hakuandika hivi. Aliyeandika alijifunza eda kwenye kitabu cha saba, tena katika nakala ambayo kalamu ya buluu haikuifikia.

Hasira zilimpanda, na mtu wa kumtupia alikuwepo. Tanimu. Miaka miwili watu wake walikuwa wanakuja kuposa, na miaka miwili Lawwali aliwajibu, "Tutaona." Sasa mzee kafa, kijana kajipikia wasia, amchukue binti na ukumbi kwa pamoja, tena kwa maneno yaliyoibwa kwa Hansatu mwenyewe. Alijifunika shuka lake, akaenda.

Tanimu alikuwa kibandani kwake, amezungukwa na kofia zilizolowa, anazivika moja moja kwenye vigogo vya mviringo zikauke zikiwa na umbo. Aliinuka, akainama kumsalimia, akamuuliza habari za nyumbani, za msiba, za uchovu. Hansatu hakumjibu hata moja.

"Eda ya mfiwa ni muda gani?" akauliza.

Tanimu alishangaa. "Minne na siku kumi, Mama."

"Nani kakwambia?"

"Si nani. Mama yangu alikaa, mimi ndiye niliyekuwa naenda sokoni badala yake. Nilizihesabu siku zile, nikikuambia utacheka."

Hansatu hakucheka. Alimuuliza kama anasoma vitabu vya mapenzi. Tanimu akasema dada zake wanasoma, yeye macho yake yanaishia kwenye kofia. Kisha kijana akatazama chini. Alisema habari za karatasi zimemfikia, na tangu zimfikie hapati usingizi. Watu watasema ameoa ukumbi. Ikibidi, atamwoa Zulai na ukumbi ndugu zake wabaki nao, yeye ana chumba chake, kinavuja kidogo lakini ni chake.

Hansatu alirudi nyumbani ameudhika zaidi ya alivyokwenda. Alikuwa amemtafuta mwizi akakuta mtu, na sasa hakujua hasira zake aziweke wapi. Akaanza kufikiri upya, taratibu, kama anavyofikiri akitunga. Ni nani aliyefundishwa herufi na Lawwali, mkia kwa mkia, isipokuwa yeye mwenyewe na mtoto mmoja tu mwingine? Na nakala ya kwanza ya kitabu cha saba, kabla haijafika sokoni, kabla ya kalamu ya buluu, alimpa nani?

Asubuhi ya Alhamisi alimkuta Zulai jikoni anasonga uji mzito wa mtama. Alimwambia aache mwiko, akalete kitabu cha saba. Zulai alikileta kwa mikono miwili. Kilikuwa kimeshonwa mgongoni kwa uzi wa kofia. Hansatu alifungua ukurasa anaoujua kama jina lake. Mitatu. Haikukatwa.

Akaiweka karatasi ya wasia juu ya ukurasa ule, neno juu ya neno.

"Katika kitabu changu kipi," akauliza, "msichana anajiandikia wasia mwenyewe?"

Zulai alitazama kitabu, kisha karatasi. Safari hii machozi yalikuja na kamasi zake zote.

"Hicho hujakiandika bado, Shangazi."

Hansatu nusura acheke, akajizuia, maana jambo lilikuwa zito. Alimuuliza kama anajua amemsingizia nini baba yake, yule aliyeihifadhi Kurani, kwamba hajui eda. Zulai akashtuka kwelikweli. Hakujua kuna kosa. Aliandika siku ya tatu ya msiba, nyumba imejaa watu, mama yake hajaanza hata kuhesabu.

"Nilidhani ukiandika wewe ndiyo sahihi," alisema. "Kila ninachokijua nimekisoma kwako."

Maneno hayo yalimchoma Hansatu kuliko Ijumaa zote mbili za Malam Habu. Alikaa chini kwenye kigoda. Miaka kumi na minane anaandika, na wasichana wake wote walikuwa wanampenda mtu moyoni huku wakingoja maiti awasemee. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufungua mdomo. Angewafunguaje, na yeye mwenyewe aliozwa mara mbili akikodolea macho mkeka?

"Kwa nini hukusema?" akauliza, ingawa jibu alilijua.

"Ningesemaje, Shangazi? Kwa uso upi?"

Hansatu alichomoa kalamu ya buluu kwenye kilemba, akakata, akaandika juu yake, akamrudishia kitabu. Karatasi ya wasia aliisukuma chini ya sufuria, katikati ya makaa. Zulai alitaka kuidaka, akachelewa.

"Sasa nitakwenda Katsina," akasema.

"Sijui. Sitamsingizia kaka yangu uongo. Lakini leo utaulizwa mbele ya Malam Habu, na mimi nitakuwa nimekaa karibu yako. Basi."

Adhuhuri Alhaji Sagir alifika, joho lake limetota jasho la safari. Alikaa ukumbini na Malam Habu. Wanawake walikaa nyuma ya pazia, Asabe katika nguo zake za eda, Zulai katikati, Hansatu amemshika mkono. Kwa nje, kwenye jiwe la mlangoni, Tanimu aliitwa akae asikie, akakaa na mfuko wake wa kofia magotini.

Alhaji aliomba karatasi.

"Nimeichoma," Hansatu alisema. "Haikuwa ya Lawwali."

Alhaji akauliza kwa sauti ya chini ilikuwa ya nani basi. Hansatu akasema ni ya mtu aliyejifunza eda katika kitabu chake cha saba, na kwamba kosa la kitabu ni la mwenye kitabu. Malam Habu alikohoa. Alielewa upesi kuliko wote, na kwa mara ya kwanza hakuongeza neno juu ya kitabu kile.

"Basi limekwisha," Alhaji akasema. "Binti afungashe."

"Halijaisha," Malam Habu akasema. "Muulize kwanza. Akinyamaza, tutajua amekubali."

Hapo Hansatu aliuona mtego, na haukutegwa na mtu. Kimya cha msichana ni kukubali. Zulai akiendelea kuwa kama wale wa vitabuni, ameshakwenda Katsina. Alimminya mkono, hakuweza kufanya zaidi ya hapo. Alhaji aliuliza. Zulai alinyamaza. Alhaji akaanza kuvuta viatu vyake kwa mguu.

"Sitaki Katsina." Sauti ilitoka nyembamba, ikakatika, ikarudi. "Namtaka Tanimu. Baba alisema tutaona. Mimi nimeshaona."

Asabe alijifunika uso kwa viganja. Mlangoni kofia zilimwagika mfukoni, zikaviringika barazani, na hakuna aliyeziokota.

"Hivi ndivyo wanavyosema vitabuni mwako?" Alhaji Sagir akamuuliza dada yake.

"Hapana," Hansatu akajibu. "Wangu wote walinyamaza."

Alhaji alimtazama Malam Habu, na Malam Habu akatazama dari. Mwishowe Alhaji aliinuka, akavaa viatu, akasimama juu ya kijana pale jiweni.

"Ijumaa lete watu wako," akamwambia. "Watu wazima. Na usije na kofia za watu."

Hansatu, aliyezoea kumshuku kila mtu na kila neno, aliyashuku na hayo. Aliyarudia moyoni mara mbili, akayatafuta kasoro, ndipo akauachia mkono wa Zulai.