Mchezo wa Kijapani Uliomuumbua Abubakary

Abubakary, fundi redio wa Mkuyuni, alikuwa bingwa wa kusimulia mchezo mmoja wa video wa Kijapani alioucheza ujanani kwenye televisheni ya mjomba wake. Kijapani hakujua hata salamu, lakini hilo halikumzuia kuwaeleza watu kila neno la mfalme wa mchezo huo, tena kwa hisia.

Mwaka huu mchezo ukatoka upya, picha zimeng'arishwa, maneno kwa Kiingereza. Akaununua, akamketisha mkewe Safia, mwalimu wa Kiingereza, amtafsirie ushujaa wake.

"Huyu mchawi uliyekuwa ukijisifu kumuua," Safia akasema, "ni mama anayemtafuta mwanawe."

"Soma vizuri."

"Nimesoma. Na mfalme wako mtukufu anaomba arudishiwe bata wake."

Abubakary akakohoa. Wajapani, akasema, wameuharibu mchezo kwa kuukarabati. Safia alishampokonya pedi ya kuchezea, machozi yakimlengalenga, anamsaidia yule mama kumtafuta mtoto. Chakula cha mchana siku hiyo alipika Abubakary, ugali wenye mabonge, na jioni mkewe akatangaza kwamba mchezo bado ni mzuri sana, ila msimulizi wake wa Mkuyuni ni mwongo.