Muuguzi Aliyempulizia Daktari Filimbi

Tarehe 14 Oktoba 2021, mkuu wa polisi wa Wilaya ya Halvorson, jimboni Minnesota, alimkabidhi Renae Tollefsrud cheti cha shukrani kwa kuwafundisha wazee wa wilaya namna ya kuwakwepa matapeli wa simu. Cheti kimetundikwa jikoni kwake, karibu na picha ya harusi, mahali ambapo mvuke wa viazi umeanza kukikunja pembe.

Darasa hufanyika katika ukumbi ulio chini ya kanisa la Kilutheri, Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, baada ya kahawa. Masharti yake ni machache na wazee huyakariri kama katekisimu. Usipokee namba usiyoijua. Ukipokea kwa bahati mbaya, usitaje tarehe yako ya kuzaliwa wala dawa unazomeza. Na mtu aking'ang'ania, mpulizie filimbi. Filimbi hizo nyekundu za plastiki anazinunua Renae mwenyewe, na kila mhitimu huondoka na yake. Mhitimu bora hadi leo ni Orville Kvamme, mkulima mstaafu aliyepita miaka themanini, ambaye amekwisha kuwapulizia mawakala wa bima, mwanasiasa aliyekuwa akiomba kura, na mara moja mkwewe.

Renae ana miaka hamsini na tisa na kazi yake ni uuguzi. Ameifanya karibu yote katika nyumba ya kutunzia wazee, akiwainua kutoka kitandani kwenda kitini na kutoka kitini kwenda chooni, mpaka mgongo ukakataa. Vuli hii hospitali ya wilaya ilimpa kazi ya mezani: kufuatilia hali ya wagonjwa walioruhusiwa kurudi nyumbani. Aliikubali siku hiyohiyo. Kwenye nyumba ya wazee aliandika barua ya kuacha kazi, keki ya kumuaga ikaliwa, na nafasi yake ikachukuliwa na msichana mwenye mgongo mpya. Kwa hiyo hakuwa na pa kurudi wakati hospitali ilipomkumbusha kwamba kazi ataipata baada ya mkojo wake kupimwa dawa za kulevya.

Hilo halikumtisha. Pombe yake ni glasi moja wakati wa Krismasi. Lakini kila usiku humeza kidonge cha kutuliza miguu, ambayo bila kidonge hicho hucheza yenyewe kitandani na kumpiga mateke mumewe, Verlyn. Kidonge hicho ni cha ukoo wa dawa za usingizi, ukoo wenye sifa mbaya mitaani, na kipimo cha hospitali huutafuta. Aliyemwandikia ni Daktari Engebretson wa ghorofa ya pili ya hospitali hiyohiyo. Anayemuuzia ni mfamasia wa ghorofa ya chini. Ofisi ya ajira, iliyotaka kujua kama muuguzi huyu anatumia dawa, iko ghorofa ya tatu. Ghorofa zote zinatumia lifti moja na hazisalimiani.

Siku ya kipimo alikwenda na chupa yake ya vidonge, yenye jina lake na la daktari.

"Dawa yangu hii hapa," alimwambia mwanamke wa kupokea mikojo.

"Usinionyeshe, mama."

"Nataka ujue mapema."

"Mimi sitakiwi kujua. Rudisha kwenye mkoba."

"Sasa anatakiwa kujua nani?"

"Kuna daktari atakupigia, ikibidi."

"Daktari gani?"

"Hata mimi simjui. Kikombe hiki. Usivute maji ya choo, na bomba nimelifunga kwa selotepu, wengine huongeza maji kikombeni, usihangaike nalo."

Miaka yote ya kazi Renae amewafungulia bomba wagonjwa walioshindwa kukojoa, ili sauti ya maji iwasaidie. Safari hii alikojoa kwa kumbukumbu.

Maabara ikaona kidonge. Maabara ikiona kitu, haimwambii mwajiri papo hapo. Daktari wa kukodiwa hupewa jina na namba ya simu, naye humpigia mhusika kumuuliza kama ana cheti cha dawa. Jina la Renae lilimwangukia Alcide Guidry, daktari mstaafu wa Louisiana, kule kusini kabisa, anayefanya kazi hii akiwa barazani kwake, katikati ya kuku wake.

Alipiga, Renae hakupokea. Akapiga tena. Jumatatu, Renae akiwa na unga mpaka kwenye viwiko, alipokea bila kutazama, akidhani ni Verlyn anauliza chakula cha ng'ombe.

"Habari za mchana, Bi Renae. Hujambo lakini? Naitwa Daktari Guidry."

Minnesota mtu asiyekujua hakuiti Bi, wala haulizi kama hujambo. Anayefanya hivyo ana kitu anauza.

"Unataka nini?"

"Kwanza nithibitishie tarehe yako ya kuzaliwa, mama, halafu tuongee kidogo kuhusu dawa unazotumia."

Nyuma yake jogoo akawika.

"Hospitali gani hiyo ina jogoo?"

"Msamehe, huyo ni Gaspard. Niko nyumbani. Sasa, tarehe yako ya..."

"Na namba ya benki je, hutaki? Au nikufungashie na meno ya bandia ya mume wangu?"

"Hapana, mama, tarehe tu."

"Mama yako anajua kazi unayofanya?"

"Mama yangu alishafariki, Mungu amrehemu."

"Afadhali hakuyaona haya," alisema Renae, akachukua filimbi iliyoning'inia kwenye mpini wa jokofu, akapuliza mpaka mbwa akakimbilia ghalani.

Kesho yake ilikuwa Jumanne ya kwanza ya mwezi. Aliwasimulia wanafunzi wake kisa chote, pamoja na jogoo, kama mfano wa tapeli wa daraja la juu. "Wenye adabu ndio wabaya," aliwaambia. Orville Kvamme alisimama akapiga makofi, akakohoa, akakaa. Jumatano alilazwa hospitali ya wilaya kwa nimonia.

Alhamisi simu iliita, na namba ilikuwa inajulikana: Kaylee, wa ofisi ya ajira.

"Renae, kuna shida kidogo. Daktari wa vipimo ameandika kwamba umekataa kuhojiwa."

"Daktari gani? Hakuna daktari aliyenipigia."

"Anaitwa Guidry. Ameandika, ngoja nisome, 'Mhusika alitumia chombo chenye sauti kali.' Jamani Renae, ni chombo gani?"

Renae alivuta kiti.

"Ana jogoo?" aliuliza.

"Mambo ya jogoo siyajui. Najua kwamba muda wako unakwisha kesho saa sita mchana. Msipozungumza, matokeo yanatoka yalivyo, na kazi anapewa mwingine."

"Yalivyo vipi?"

"Siruhusiwi kujua."

"Unajua, Kaylee."

"Najua, lakini siruhusiwi."

"Dawa nimeandikiwa na Engebretson, yuko hapo chini ya miguu yako. Teremka ngazi umuulize."

"Nikiteremka nafukuzwa. Ugonjwa wako ni siri, Renae. Sheria inailinda."

"Inailinda dhidi ya nani?"

"Dhidi yangu."

Ijumaa asubuhi Renae alipiga namba ya Louisiana. Haikupokelewa. Daktari Guidry naye ni mzee, na tangu Jumatatu alikuwa amejiwekea sharti la kutopokea namba asizozijua. Renae aliacha ujumbe mrefu wa kuomba radhi. Muda mfupi baadaye simu iliita, namba isiyo na jina ikatokea, naye akaikata.

"Umemkata!" alisema Verlyn.

"Kidole kimekata chenyewe."

"Mke wangu, nipe hiyo filimbi."

"Sina nia ya kuipuliza."

"Nipe tu." Verlyn aliichukua akaenda kuifungia ndani ya trekta. Aliporudi simu ilikuwa inaita tena, na Renae alikuwa ameipokea kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika kuku.

"Guidry hapa," ilisema sauti. "Nimekuweka sikio la kushoto, Bi Renae. La kulia bado linaimba."

"Daktari, nisamehe sana. Nilidhani..."

"Yamepita, mama. Tarehe ya kuzaliwa?"

Renae alifungua mdomo. Tarehe haikutoka.

"Nitajuaje kwamba ni wewe?" aliuliza.

"Nani mwingine angekubali kukupigia wewe mara ya pili?"

"Taja dawa mliyoikuta."

"Siwezi kuitaja mpaka nijue kwamba ni wewe."

"Na mimi siwezi kusema kwamba ni mimi mpaka nijue kwamba ni wewe."

Kisha Gaspard akawika.

"Hicho si kitambulisho?" aliuliza daktari.

"Majogoo ni wengi."

Daktari akashusha pumzi. "Basi tufanye hivi. Mimi karatasi ninayo. Nitataja siku, wewe taja mwezi."

"Anza wewe."

"Tisa."

"Februari."

"Elfu moja mia tisa..."

"Sitini na tano," alimaliza Renae, akafumba macho. Verlyn, kutoka mlangoni, alisema mchungaji aliwafungisha ndoa kwa maneno machache kuliko hayo.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Renae alisoma kilichoandikwa kwenye chupa, daktari akampigia mfamasia, mfamasia akataka kwanza tarehe ya kuzaliwa, na daktari sasa akawa anayo kwa idhini ya mwenyewe. Kabla ya saa sita matokeo yalifika ghorofa ya tatu yakiwa yameandikwa kwamba mkojo ni safi. Katika lugha ya ofisi, mkojo wenye dawa halali ni mkojo usio na dawa.

"Hongera, hawakukuta kitu!" alisema Kaylee.

"Walikuta."

"Sijasikia, Renae. Jumatatu saa mbili asubuhi, usichelewe."

Renae ataketi katika chumba kisicho na dirisha, mbele ya simu. Kazi yake itakuwa kuwapigia watu waliotoka hospitalini, kuwaomba tarehe ya kuzaliwa, na kuwauliza dawa wanazotumia, moja baada ya nyingine. Simu za hospitali hutokea bila namba, kwa ajili ya usiri.

Orville Kvamme aliruhusiwa Jumamosi. Leo kanisani mkewe aliwaambia watu kwamba hamu ya kula bado haijarudi, ila kifua kimefunguka kabisa na pumzi ni ya kijana. Jina lake ni la kwanza kwenye simu za Jumatatu, na Renae ndiye atakayempigia.