Matuta Yasiyo na Joto

Harufu ninayoikumbuka kuliko zote za utoto wangu ni ya nyasi zinazooza ndani ya udongo. Watu wa mjini wakisikia hivyo hukunja pua, nami huwaacha wakunje. Si uvundo. Ni harufu nzito, tamu kidogo, inayokaribiana na ya togwa lililoanza kuchachuka, na kijijini kwetu, nje kidogo ya Mwazye, ilimaanisha kwamba mwaka ujao tutakula. Mvua za mwezi wa pili na wa tatu zilipokolea, watu walifyeka nyasi mbichi, wakazirundika na kuzifunika kwa mabonge ya udongo, hadi shamba zima likajaa matuta ya mviringo yaliyonifika kiunoni. Kwa Kifipa tuliyaita intumba. Wanawake walipanda maharage juu yake, na chini nyasi ziliendelea kuoza hadi mvua za msimu uliofuata, matuta yaliposambazwa na ulezi kupandwa pale pale. Mbolea ya dukani ilikuwa ya wenye uwezo, na sisi hatukuwamo.

Aliyenifundisha kuijua harufu hiyo ni shangazi Felista, dada mkubwa wa baba. Mama yangu alifariki nikiwa bado nanyonya, na shangazi, mjane asiye na mtoto, akahamia kwetu kunilea. Sikuwahi kumwita mama, lakini nikiumwa ni yeye niliyemlilia. Alikuwa na mdomo, hilo lazima niliseme. Padre akichelewa misa alimwambia. Ugali wa jirani ukiwa haujaiva alisema, na bado akaumaliza. Asubuhi za baridi alinichukua shambani, akachimba kidogo ubavuni mwa tuta, akaushika mkono wangu na kuuzamisha hadi kwenye kiwiko. Ndani kulikuwa na joto kama chini ya kuku anayeatamia. Nilicheka kwa mshangao, naye akaniambia tuta linapika, tuliache lipike.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la tatu. Baba alikwenda Kasesya, mpakani, kupakia na kushusha mizigo ya malori, akaahidi kurudi kabla ya kazi ya matuta. Shangazi alijaribu kuanza peke yake, mgongo ukamshinda. Baba alirudi mvua zimeshakatika, redio mpya begani, na hadithi nyingi za mpakani. Majirani walikuwa wamemaliza zamani. Nadhani aliona aibu, maana alishinda shambani wiki nzima akilima kama anayefukuzwa. Nyasi zilikuwa zimekauka na kila jembe lilipotua, vumbi lilipanda. Kwa macho matuta yake yalipendeza kuliko ya wengine wote, na watu walipita kumpongeza. Shangazi akaingiza mkono kwenye tuta moja, kisha la pili, akautoa mkavu.

"Kasiani," alimwambia mbele ya wote, "haya matuta hayana joto. Ukipanda ulezi humu tutalala njaa."

Baba alicheka pamoja na wageni wake, lakini usoni alikuwa amebadilika. Jioni hiyo hakula chakula alichopikiwa na dada yake.

Kiangazi kikapita na upepo wake mkali wa Ufipa. Mvua ziliporudi tuliyapasua matuta, na nyasi zikatoka kama zilivyoingia, kavu na njano, ungeweza kuezekea kibanda. Hatukuwa na shamba lingine, kwa hiyo tulipanda. Ulezi uliota vizuri, tukapumua. Kisha ukaanza kugeuka njano, kwanza kwenye ncha za majani, halafu mche mzima, ukadumaa na kubaki chini ya magoti huku wa majirani ukiwa kijani na kurefuka kila kukicha. Mpaka wa shamba letu ulionekana kutoka barabarani. Tulichovuna kilikaa pembeni mwa ghala na hakikufika mbali. Tukawa tunakula mara moja kwa siku, na shangazi alinimegea sehemu yake akidai ameshiba. Sikumwamini, lakini nilikula.

Hapo ndipo watu walipoyakumbuka maneno yake. Vilabuni wakaulizana alijuaje kama si mchawi. Mbona ulezi wa Kasiani tu? Wakakumbuka kwamba mume wake alikufa bado kijana, kwamba yeye hana mtoto, na kwamba mama yangu naye alikufa. Yale yale yaliyomleta kunilea ndiyo yaliyomhukumu. Asubuhi moja nilimkuta baba ameuweka mzigo wa shangazi nje ya mlango.

"Ulisema tutalala njaa, dada," alisema. "Tumelala. Sasa nenda."

Nilingoja ule mdomo wake ufanye kazi. Haukufanya. Alinifunga vifungo vya sweta, akajitwika mzigo na kushika njia ya kushuka bondeni, Kaoze, kwa ndugu za marehemu mume wake. Nilimkimbilia hadi barabarani, baba akanirudisha kwa nguvu. Nilimchukia siku ile, na kwa miaka mingi baadaye. Habari za kifo cha shangazi zilitufikia akiwa ameshazikwa, na hakuna aliyekwenda kuhani.

Sasa shamba lile nalilima mimi. Nanunua mbolea ya mifuko kama wengine, na matuta yamebaki machache. Vijana wanayaona kazi ya kuvunja mgongo bure. Mwaka jana tuliitwa kwenye mafunzo, na bwana shamba akatueleza kwamba ndani ya udongo mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, ndivyo vinavyoozesha nyasi na kutoa lile joto. Vikikosa maji havifanyi kazi. Mvua ikivikuta katikati ya nyasi kavu, huamka na njaa na kula kwanza kile ambacho mmea ungekula, na mmea hugeuka njano. Wenzangu waliuliza maswali. Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya ofisi ya kijiji.

Nilimsimulia baba jioni hiyo. Ni mzee sasa, haoni vizuri, na ni mimi ninayempikia.

"Ina maana alikuwa ananiambia tu," alisema.

"Ndiyo, baba. Alikuwa anakuambia tu."

Akauliza kama siku hizi bodaboda zinafika Kaoze. Nikamjibu zinafika. Akaniomba niulizie nauli, twende akamwone dada yake. Ikabidi nimwambie kwamba nilishakwenda. Nilizunguka makaburini na mwenyeji mmoja hadi jua likawa kali, na hakuna aliyeweza kutuonyesha amelala wapi.