Mama wa Njugu na Bunduki za Filamu

Harufu ya petroli ya jenereta hapa Lodwar hunirudisha kwenye banda la video la Kakuma, mchana, bati likituchoma utosi. Nililipa kiingilio kwa kuni: mwenye banda alitaka mizigo miwili, tukavutana hadi mmoja. Sisi Waturkana, wenyeji, tulikaa kushoto, wakimbizi wa kambini kulia. Watu wetu walikuwa wamepigana nao wiki hiyo, kwa hiyo nilihesabu vichwa vyao mara mbili kabla ya kuketi.

Mama mmoja wa Sudan Kusini aliingia akiuza njugu. Papo hapo filamu ya vita ikaanza kumimina risasi. Sinia likamponyoka, akamrukia mtoto aliyekuwa karibu naye zaidi, akamlaza kifudifudi na kumfunika kwa mwili wake. Mtoto huyo nilikuwa mimi.

"Lala chini, mtoto yangu!" Moyo wake ulinigonga mgongoni.

"Mama, hiyo ni filamu tu!" mtu akapiga kelele. Banda zima likacheka.

Akainuka, akanipangusa vumbi usoni, kisha akaanza kuokota njugu.

"Wewe, umepata mama mpya!" binamu yangu akanitania.

Nikacheka kuliko wote, nikazikanyaga njugu zake, ili watu wetu wanione.