Nilisikia yowe la ng'ombe Nyamwaga, nikabaki ndani nasoma sheria ya jinai

Wakuu, heshima kwenu nyote, mlioko kazini na mliojificha chooni na simu.

Haya ninayoandika yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa. Majina nimebadilisha kwa sababu wahusika wapo na mimi bado naishi hukuhuku. Kuna kipande humu ambacho hata mke wangu, aliyebaki kwetu, hakijui. Kama umenitambua, soma halafu nyamaza.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, kabila langu Mpare. Ajira ilinileta Tarime, kata ya Nyamwaga. Mnajua Wapare tunavyosemwa kwa kupenda kesi, eti Mpare akikosa wa kumshtaki anajishtaki mwenyewe. Basi na mimi damu ikanisumbua, nikajiandikisha cheti cha sheria, kile cha kusoma ukiwa nyumbani.

Somo la kwanza lilikuwa misingi ya sheria ya jinai. Aisee, ile kitu ni tamu.

Unafundishwa kwamba kosa lina vitu viwili. Kuna tendo lenyewe, wanaliita actus reus, na kuna nia ovu, mens rea. Kimoja kikikosekana, mara nyingi hakuna kosa. Mtu akichukua mwavuli wako akidhani ni wake, tendo lipo lakini nia haipo, huyo si mwizi.

Nikawa kero pale shuleni. Mwenzangu akimwaga chai kwenye madaftari namuuliza kama alikuwa na nia. Wakanibatiza jina la Wakili na mimi nikalipenda, sitadanganya.

Sasa nieleze jambo moja kwa ambao hamjaishi huku.

Ng'ombe wakiibwa, mwenye mji anapiga yowe. Anayelisikia analipokea na kulipeleka mbele, mpaka kitongoji chote kinaamka. Kila mwanaume mwenye nguvu anatoka na fimbo au panga, wanakusanyika, wanafuata nyayo za ng'ombe. Hakuna cha mgonjwa wa mafua wala cha mgeni. Na wakishakusanyika wanaangaliana nani hayupo, kwa sababu asiyetoka kwenye yowe anahesabiwa kuwa anajua ng'ombe walikoenda.

Hilo nilikuwa nalijua. Nilishaambiwa wiki ya kwanza tu nilipofika.

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri. Nimeamka mapema kusoma, taa ya sola mezani, chai pembeni. Mada ya siku ile ilikuwa kutotenda, yaani omission. Kitabu kinasema kwa kawaida sheria haikuadhibu kwa kutofanya kitu, labda uwe na wajibu maalumu, kama mzazi kwa mtoto wake au nesi kwa mgonjwa wake. Ukimwona mtu baki anazama na wewe si mzazi wake wala mlinzi wake, unaweza ukapita zako.

Nikiwa hapohapo kwenye huo ukurasa, yowe likalia.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, inatokea upande wa migombani, kama hatua mia tatu kutoka kwangu. Likapokelewa na mwingine, na mwingine. Mbwa wote wakaanza.

Nilisimama. Naapa nilisimama kabisa, mkono ukafika kwenye komeo.

Halafu nikafikiria panga, giza, wezi wenye mishale, na mimi mtoto wa mlimani nisiyejua hata kutupa jiwe. Nikajiambia: wajibu wangu kisheria uko wapi? Mimi si mzazi wa ng'ombe. Nikazima taa nikasogea dirishani, nikachungulia kwa pembeni ya pazia.

Hapo ndipo nilipomwona Chacha.

Chacha ni kijana jirani, fundi baiskeli, mpole kuliko wengi. Alikuwa anasukuma baiskeli, mkewe Ghati amekaa nyuma kwenye keria na tochi mkononi, mjamzito aliyekaribia kujifungua. Kila baada ya hatua chache wanasimama, Ghati anainama na kushika bega la mumewe, halafu wanaenda tena. Walikuwa wanaelekea barabara kubwa, njia ya kituo cha afya. Kelele za yowe zilikuwa zinaenda upande wa bondeni, na wao wanakwenda kinyume chake.

Hawakuniona. Nikaenda kulala na nguo zangu.

Saa mbili asubuhi mlango ukagongwa. Ni Mama Bhoke, mjane, mama anayeniuzia maziwa. Ng'ombe walioibwa walikuwa wake, watatu, ndio wote aliokuwa nao. Macho yamemvimba.

"Mwalimu, hatukukuona," akasema.

Nikamwambia nilikuwa na malaria, nimekunywa dawa kali, sikusikia chochote. Nilikohoa kidogo, ingawa malaria haina kikohozi.

"Pole, mwanangu," akasema, akaondoka.

Baada ya nusu saa akarudi na uji wa ulezi kwenye chupa. Mtu aliyeibiwa ng'ombe wote alikaa jikoni akanipikia mimi uji. Nilijisikia vibaya ila nikaupokea.

Saa nne nikasikia kelele nje, nikatoka. Wamemkamata Chacha.

Nyayo zilikuwa zimepotea kwenye kijito kilicho chini ya shamba lake. Na kwenye yowe walikosekana wanaume wawili tu, Chacha na mimi. Mimi nina malaria, Mama Bhoke mwenyewe amethibitisha. Chacha alikuwa amerudi kutoka kituoni kuchukua kanga na nguo za mtoto, wakamkuta njiani, wakamfunga kwenye nguzo ya ghala la mahindi la Mzee Marwa, mwenyekiti wa kitongoji.

Alijieleza. Akasema mke ameshikwa na uchungu, yowe lilimkuta njiani, angemwacha wapi?

Wakapiga simu kituoni. Nesi akasema ni kweli, walifika, ila ilikuwa imeshapita saa kumi na mbili na nusu, na Ghati amehamishiwa hospitali kubwa kwa gari la wagonjwa. Simu ya Ghati haipatikani. Sasa kutoka kitongojini hadi pale kwa baiskeli ni nusu saa. Yowe lililia saa kumi na moja. Vijana wakauliza, saa nzima nyingine ulikuwa wapi? Ulikuwa unavusha ng'ombe, ukamaliza ndio ukambeba mke awe kisingizio.

Wakuu, ile saa nzima mimi nilikuwa naijua. Ilikuwa ni mwanamke mwenye uchungu anayesimamishwa kila hatua kumi.

Na nilikuwa mtu pekee anayeijua.

Mzee Marwa alishapiga simu polisi, wakamwambia gari linakuja ila barabara imeharibika kwa mvua. Vijana walisema hawana haja ya gari. Walishasikia za watu kupelekwa polisi na kurudi wiki ijayo wanacheka. Ritongo, ule mkutano wao wa jadi, ungekaa saa nane, na kabla jua halijazama kesi iwe imeisha. Kila mtu anajua kesi inaisha vipi mtu akipelekwa mtoni.

Nilirudi ndani. Nikafungua kitabu. Mtu mzima kabisa, nakwenda kutafuta kwenye index neno la kuniokoa.

Nikisema nilimwona, wataniuliza ulimwona ukiwa wapi. Dirishani. Kwa hiyo ulikuwa macho? Kwa hiyo ulisikia? Na ile malaria? Nitakuwa nimekosa yowe na nimemdanganya mjane, na mimi ni mtu wa kuja, sina ukoo wa kunitetea hapa. Wangeweza kunifunga nguzo ya pili.

Saa tano, saa sita, saa saba. Nilifua hata soksi.

Saa nane nikaenda. Nikajidanganya kwamba nitatumia akili. Wanaume wamekaa kwenye nyasi, kama mia hivi, vijana wamesimama nyuma na fimbo. Chacha bado yuko nguzoni, mdomo umepasuka, shati lina damu. Mama Bhoke kakaa pembeni na wanawake.

Nikaomba nafasi. Nikawaamkia wazee shikamoo, nikaanza somo.

Nikawaambia mtuhumiwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Nikawaambia mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayeshtaki, si kazi ya Chacha kueleza ile saa nzima. Nikawaambia lazima tendo na nia vikutane. Nilisema vizuri, wakuu. Mhadhiri wangu angenipa A.

Kijana mmoja akacheka.

"Wewe mwalimu, hata kwenye yowe hukuja. Nenda ukafundishe watoto, mura. Hapa tunatafuta ng'ombe."

Wote wakacheka, hata wazee. Nikakaa.

Halafu vijana wawili wakaenda kwenye nguzo, wakafungua kamba. Hawakumwachia. Waliifungua pale kwenye nguzo tu, mwisho wake wakaushika mkononi. Mzee Marwa akasimama mbele yao, akawaambia wangojee gari. Mmoja akamsogeza pembeni, bila nguvu, kwa kiganja tu, kama unavyosogeza pazia. Hapo nilijua mzee ameshindwa.

Chacha hakulia. Alisema tu, "Mwambieni Ghati nguo za mtoto ziko kwenye beseni la bluu."

Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka sauti yangu ilitoka nyembamba.

"Nilimwona."

Hakuna aliyesikia. Nikasema tena kwa nguvu. "Nilimwona Chacha. Yowe linalia, yeye anapita mbele ya dirisha langu. Anasukuma baiskeli, Ghati yuko kwenye keria, wanasimama kila hatua kwa uchungu. Walikuwa wanaenda barabarani. Sikuwa na malaria. Nilikuwa macho, nilisikia yowe tangu mwanzo, niliogopa kutoka."

Wote wakanigeukia.

Mzee mmoja akauliza alivaa nini. Nikasema koti la mvua la kijani, na Ghati alijitanda blanketi jekundu lenye mistari. Wakampigia tena nesi, simu ikiwekwa sauti kubwa. Nesi akasema ndiyo, blanketi jekundu la mistari limebaki hapa, na yule mama alifika hawezi hata kusimama, njia imemtoa nguvu hivyo, angefikaje haraka?

Kamba ikaanguka chini. Chacha akakaa palepale kwenye matope.

Mimi nikabaki nimesimama katikati ya watu. Nilitegemea kipigo. Vijana walitaka, sitaficha, mmoja alishaninyanyulia fimbo. Ila Mzee Marwa akasema mtu aliyejileta mwenyewe hapigwi. Nikapewa adhabu ya mila, beberu mmoja, na nikaambiwa yowe linalofuata nikikosa, nihame.

Aliyenimaliza ni Mama Bhoke. Alisimama taratibu akaja mpaka mbele yangu, akauliza kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, yule aliyekuwa analia alfajiri, hukumjua sauti?"

Hapa ndipo penye kile kipande nilichowaambia. Kila asubuhi kwa miaka miwili yule mama alikuwa ananiita kwa jina mlangoni na maziwa.

"Nilikujua, mama," nikasema.

Akatikisa kichwa mara moja, akaenda zake. Hakunitukana. Heri angenitukana.

Gari la polisi lilifika saa kumi na moja jioni. Ng'ombe wawili walipatikana siku ya tatu upande wa Busawe, wilaya ya Serengeti. Waliokamatwa nao ni watu ambao Chacha hajawahi kuwaona. Wa tatu, yule wa maziwa, hakupatikana.

Ghati alijifungua salama, mtoto wa kiume.

Sasa mafunzo. Misingi ya sheria ya jinai naiheshimu bado, na mtihani nilifaulu. Lakini niliitumia kama mtu anayetafuta tundu la kutokea. Sheria ilikuwa inaniambia ni lipi halitanifunga, mimi nikaisikia kama inaniambia ni lipi lililo sawa. Hivyo si kitu kimoja. Na hata hapo nilikuwa nimesoma nusu, maana baadaye wakili mmoja alinicheka, akaniambia sheria zetu zina maneno yake pia kwa anayejua kosa linatendeka akakaa kimya. Sikuwa nimefika huo ukurasa.

Msinielewe vibaya, sitetei kamba na mto. Wale vijana walikuwa wanakwenda kuua mtu asiye na kosa, na wapo wanaouawa hivyo. Ila siku ile kosa lao lilikuwa linapata chakula kutoka kwangu.

Wiki mbili baadaye nilikutana na Chacha kwenye kibanda chake, anaziba pancha. Nilikwenda nikitegemea, sijui, labda ahsante. Nilijiona nimemwokoa.

Alimaliza kuziba, akaitia tyubu ndani ya maji kuangalia kama inavuja. Akaniuliza bila kuniangalia.

"Mwalimu, walinifunga saa nne. Wewe ulisema saa tisa. Hapo katikati ulikuwa unafanya nini?"

Nikamwambia ukweli. Nilikuwa nyumbani, nafua.

"Haya," akasema. Akaendelea na tairi.

Ananisalimia mpaka leo, baiskeli yangu anatengeneza. Ila mtoto wake ana mwaka sasa, na sijawahi kuitwa kumwona.

Wanasheria mliomo humu, na nyie mnaoishi Nyamwaga, Ringwani na kwingine kwenye yowe, nipeni maneno yenu. Matusi pia nayapokea. Ningependa hasa kumsikia yeyote aliyewahi kukaa masaa na ukweli wa mtu mwingine mfukoni, aniambie yeye alilipaje.